Kumpenda mgonjwa wa moyo si lazima umshike

Tuseme jirani yako pale Mwakingali amepatikana na vali mbovu ya moyo. Unajua kitakachofuata. Kabla ya jioni kuna grupu ya WhatsApp, M-Pesa zinaingia, na mweka hazina ashapatikana. Hapa Voi upasuaji huo haufanywi, kwa hivyo mara nyingi ni safari ya Nairobi, zaidi ya kilomita 300. Pesa zikitosha, tunajiona tumemaliza kazi.

Bado. Sehemu iliyobaki iko mikononi mwetu, na simaanishi kwa mafumbo.

Upasuaji wa vali mara nyingi huhitaji mfupa wa kidari ukatwe kwa msumeno, halafu ufungwe kwa waya. Mgonjwa anaamka ana mpira wa kupumulia, mwingine wa mkojo, mrija shingoni na mirija ya kutoa damu kifuani. Kila mmoja ni mlango. Kuna bakteria, stafilokokasi, wanaoishi puani mwa watu wengi tu wenye afya bila kuwasumbua. Wakipenya hapo, kidonda kinaweza kutunga usaha hadi mfupani, ama wang'ang'anie vali mpya yenyewe. Anarudishwa thieta, na grupu inaanza kuchanga upya, ikiwa bado yuko hai.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 ilisema katika nchi za mapato ya chini na ya kati, wagonjwa 15 kati ya 100 wanaolazwa hupata ambukizo humo humo hospitalini. Nchi tajiri ni 7. Hao ni wagonjwa wa kila aina, si wa moyo pekee.

Sasa tutazame sisi tunaoenda kuwaona. Watu wanane kwa mpigo, kila mmoja anatoa mkono. Mmoja anaketi kitandani. Simu iliyotoka kwa matatu inawekwa juu ya shuka. Halafu kuna yule anayetaka kufunua bandeji aone eti "wamekushona vipi". Huyo mtoe nje, hata kama ni mjomba.

Nenda wawili, nawa ukiingia, nawa ukitoka. Ukiwa na mafua, piga simu tu. Na nesi akija kubadilisha bandeji, muulize kwa adabu, "Samahani dada, umenawa?" Najua kwetu hilo linaonekana utovu wa heshima. Muulize tu.

Akirudi Voi hatari bado ipo, kwa sababu ambukizo la ndani ya kifua linaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baadaye. Homa, usaha, kidonda kuwa chekundu, ama mfupa kuchezacheza akikohoa: hospitali siku hiyo hiyo. Si asali, wala si dawa za kubahatisha kutoka kwa kemisti.

Ila tusimlaumu nesi kabla ya kuangalia kama mfereji unatoa maji. Chemchemi ya Mzima iko Tsavo Magharibi, kaunti yetu hii hii, na bomba lake linapeleka maji Mombasa huku mitaa ya Voi ikipanga mitungi. Kaunti ikiita vijana kutoa maoni kuhusu bajeti, wengi wetu huuliza viwanja vya mpira. Safari ijayo uliza wodi zetu zina mifereji mingapi inayotoa maji, na sabuni imetengewa pesa ngapi.