Kipunji Analindwa, Mkulima wa Mpakani Je?

Mwaka 2005 mkulima mmoja wa Rungwe alitega mtego kulinda mahindi yake. Aliyenaswa alikuwa kipunji dume, bado hajapevuka. Mzoga ule ndio uliowapa wanasayansi vinasaba vya kupima, na mwaka uliofuata wakamtangaza kima huyo kuwa wa jenasi mpya, Rungwecebus. Jenasi mpya ya kima hai ilikuwa haijatangazwa Afrika tangu 1923.

Kipunji, mwenye manyoya ya kahawia na kishungi kilichosimama utosini, haishi popote duniani ila Tanzania: misitu ya Rungwe na Livingstone, na ule wa Ndundulu katika Milima ya Udzungwa. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilikuta 1,117 tu. Tangu hapo ulinzi umeimarika, Livingstone ikiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa Kitulo na Rungwe ikiwa hifadhi ya mazingira asilia, na kwenye misitu hiyo miwili idadi imepanda.

Ni habari njema, ila anayelima mpakani mwa msitu ana hesabu zake. Wapo wanaotaka alipwe kifuta jasho kama aliyevamiwa na tembo. Dai lina haki, lakini utekelezaji wake ni mgumu. Tembo huacha nyayo na shamba lililolala. Kima huchuma mahindi machache leo, machache kesho. Mtathmini akifika, nani atathibitisha kwamba mwizi ni kipunji na si ngedere? Doria nazo hukamata wapasua mbao, lakini hazishindi shambani kufukuza kima. Mbwa na mtego vitabaki kuwa ulinzi wa bei nafuu.

Fedha zielekezwe kwenye kubadili zao linalopakana na msitu. Chai inalimwa Rungwe tangu zamani, na majani yake hayamvutii kima kama mahindi. Kikwazo ni kwamba mche wa chai huchukua miaka kadhaa kabla ya kumlipa mkulima, na familia haiwezi kungoja na njaa. Atakayekubali kurudisha mahindi nyuma afidiwe kwa miaka hiyo, kwa mkataba wa maandishi, kuanzia Bujingijila, ushoroba mwembamba unaounganisha Rungwe na Livingstone. Wafadhili wanaogharimia utafiti wa kipunji wachangie gharama hiyo pamoja na serikali. Bila hivyo, tunamwachia mkulima maskini alipie peke yake fahari ya taifa zima.