Vuli ya Beijing, Vuli ya Mzumbe

Mwishoni mwa Agosti mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alibisha hodi ofisini kwangu akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameipata Morogoro mjini, katika duka linalouza dawa za asili za Kichina. "Shikamoo Mwalimu," alisema, "naomba unitatulie jambo moja. Hapa wameandika kwamba vuli ni majira makavu. Sisi nyumbani vuli ni mvua. Nani amekosea?"

Niliisoma karatasi ile mbele yake. Ilieleza namna ya kulinda afya wakati wa vuli kwa mujibu wa tiba ya jadi ya Kichina: lala mapema na uamke na jogoo, punguza vyakula vikali, kula mapeasi, ufuta na asali, yalinde mapafu yako dhidi ya ukavu. Kiswahili chake kilikuwa safi kabisa. Mfasiri alikuwa ametafuta jina la majira yale ambayo huko kaskazini ya dunia majani hupukutika baada ya joto, akalichukua neno "vuli" bila wasiwasi. Si wa kwanza kufanya hivyo. Lakini mkulima wa Changarawe anaposikia vuli anafikiria mbegu na jembe. Majani yanayopukutika hayamjii akilini.

Tulicheka wote wawili. Baadaye, nilipobaki peke yangu, nikaona kwamba swali la kijana yule lina uzito kuliko mengi tunayoyajadili katika vikao vyetu.

Tuitendee haki kwanza tiba yenyewe. Kitabu cha kale cha Wachina kiitwacho Huangdi Neijing, ambacho kilikusanywa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kinaufunga mwili wa binadamu na mwenendo wa mwaka. Kila majira yana kiungo chake. Vuli ni ya mapafu; kitu chake ni metali, rangi yake ni nyeupe, hatari yake ni ukavu, na hisia inayoyaumiza mapafu ni huzuni. Kwa kalenda yao vuli huanza tarehe 7 au 8 Agosti. Mtu huambiwa apunguze mwendo, akusanye nguvu, ajiandae kwa baridi ijayo. Unaweza usiyaamini hayo yote, nami siamini kwamba metali inatawala mapafu yangu, lakini huwezi kukana kwamba watu hao waliitazama nchi yao kwa makini sana kabla ya kuandika.

Sasa iweke kalenda hiyo juu ya Mzumbe. Mapema Agosti upepo wa kusi bado unavuma, baridi ya kipupwe haijaondoka kwenye miteremko ya Uluguru, na ardhi imekuwa ikikauka tangu masika yalipokwisha. Vumbi limeanza kutanda. Wiki chache baadaye moshi wa mashamba yanayochomwa utaonekana mlimani usiku kama shanga nyekundu. Kwa hiyo karatasi ile, kwa bahati tu, ilipatia: Agosti na Septemba hapa kwetu ni kukavu kweli, na mapafu yanateseka kweli. Ilikosea jina. Msomaji mtiifu angelifuata jina, angelingoja hadi Novemba, kisha angekaa akila mapeasi kuukabili ukavu ilhali maji yanapita chini ya mlango wake, wakati anachohitaji ni chandarua na maji yaliyochemshwa.

Tena hata hiyo "kwetu" ninaitumia kwa haraka. Mlima Uluguru hauna majira mamoja. Upande wa mashariki, kule Kinole na Matombo, unaitazama Bahari ya Hindi na kupokea mvua nyingi. Ndiko mdalasini, iliki na pilipili manga zinakostawi. Upande wetu wa magharibi uko katika kivuli cha mvua. Ukipanda hadi Mgeta unakuta kabichi, karoti na watoto waliovaa masweta mwezi Julai. Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi huko juu, hakuruhusu mtoto aogeshwe kabla jua halijafika uani, na uji wa asubuhi wakati wa kipupwe ulikuwa lazima uwe na tangawizi. Alipoteremka mjini kututembelea aliziacha amri zote mbili. "Huku ni kwingine," alisema. Hakuwa amesoma popote, lakini alijua kwamba ushauri wa afya una mipaka ya mahali, jambo ambalo mfasiri wa karatasi ile hakulikumbuka.

Nisije nikaeleweka kwamba ninamsifu bibi ili niibeze hospitali. Kuna kisa kinachonizuia.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi Julai, binti mmoja niliyekuwa nikimfundisha alikuwa akikohoa darasani. Kila mtu alijua sababu: kipupwe. Wenzake walimwambia hivyo, naye alisema hivyo, na mimi mwalimu wake nilimwambia achemshe tangawizi na mchaichai, aongeze asali, ajifunike vizuri usiku. Alinishukuru. Wiki ya tatu alikuwa bado anakohoa, na khanga aliyojitanda ilikuwa imeanza kumpwaya. Tulisema kipupwe cha mwaka huu ni kikali. Mwuguzi mmoja aliyekutana naye kwa shughuli nyingine kabisa ndiye aliyemuuliza amekohoa kwa muda gani na kama anatokwa jasho usiku. Makohozi yalipopimwa ilikuwa kifua kikuu. Alitumia dawa miezi sita, bila malipo kama utaratibu wa nchi unavyotaka, akapona, akamaliza shahada. Mwongozo unaosema kikohozi cha wiki mbili kipimwe ulikuwepo siku zote, umebandikwa ukutani kwenye vituo vya afya. Mimi nilikuwa nimeusoma. Nilimpa tangawizi.

Tangu hapo nimekuwa mwangalifu na maelezo ya majira. Yanafariji, kwa sababu yanampa mgonjwa jina la kitu kitakachopita chenyewe. Kipupwe kitakwisha, vuli itakwisha. Kifua kikuu hakina msimu wa kuondoka.

Je, basi tuitupe elimu yote ya namna hii? Wachina walikabiliwa na swali hilo hilo, na walichokifanya ndicho ninachokionea wivu. Mwaka 1956 walifungua vyuo vinne vya tiba ya jadi, Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Mei 1967, vita vya Vietnam vikiendelea, walianzisha mradi wa siri ulioitwa 523 ili kutafuta dawa ya malaria. Mtafiti Tu Youyou na wenzake walipekua maandiko ya kale na kuwahoji waganga, wakakusanya mapishi ya dawa yapatayo 2,000. Moja lilihusu mmea wa jamii ya pakanga, qinghao, ambao wanasayansi huuita Artemisia annua. Majaribio yalifaulu leo yakashindwa kesho. Jibu lilipatikana katika maagizo ya tabibu Ge Hong wa karne ya nne, aliyeelekeza majani yalowekwe katika maji na kukamuliwa, hakutaja kuchemsha. Tu akashuku kwamba moto ndio ulioiharibu dawa. Akaikamua kwa njia isiyohitaji joto kubwa, na mwaka 1971 ikafanya kazi kwa wanyama wa maabara. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliimeza wao kwanza kabla ya kumpa mgonjwa. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel, nasi Tanzania tulikuwa tumekwisha kuiteua dawa mseto yenye asili hiyo, ALu, kuwa tiba ya kwanza ya malaria tangu 2006.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki ili kuthibitisha kwamba wahenga walijua kila kitu. Mimi nakisoma vingine. Mapishi mengi kati ya yale 2,000 hayakufika popote, na hilo moja liliokolewa kwa sababu Ge Hong aliandika namna ya kuandaa, si jina la mmea peke yake. Hata leo Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya majani ya mmea huo huo, kwa kuwa kiasi cha dawa kikombeni hakitabiriki.

Urafiki wetu na matabibu wa China si wa jana. Walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na tangu 1987 wataalamu wa tiba yao ya jadi walifanya kazi Muhimbili, wakihudumia watu wenye virusi vya Ukimwi. Tumeazima kwao dawa, sindano za kudunga mwilini na sasa karatasi za ushauri. Bidii ya kuandika na kupima hatujaiazima kwa kiwango hicho. Si kwamba hatuna vyombo: Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili, na Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, iliyounda Baraza la kusimamia fani hiyo. Tatizo ni kwamba taifa huikumbuka tiba ya asili linapotishika. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Mwaka 2020 tulijifukiza mvuke nchi nzima, na viongozi wakajifukiza nasi. Hofu ilipopoa, sufuria zikarudi jikoni. Nani aliandika ni nani alipata nafuu, nani aliungua uso, nani aliacha dawa zake za kisukari?

Na kuna jambo jingine ambalo karatasi ya kijana yule haikuweza kulisema, kwa kuwa ilimlenga mtu mmoja mmoja na mfuko wake. Mapafu ya mama wa Mlali hayaharibiwi na huzuni ya vuli. Yanaharibiwa na kuni mbichi ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa mapafu ya mkoa huu huo ndio waraka muhimu zaidi wa majira, uwe na mapeasi au usiwe nayo. Ningependa maofisa wa halmashauri wanaosoma hapa waniambie sheria ndogo za kuzuia uchomaji moto hovyo mlimani zinasimamiwaje mwezi Septemba. Mabwana afya wetu wapewe kalenda ya kata yao: vumbi lini, moshi lini, mbu lini, maji machafu lini. Hilo halihitaji mfadhili.

Kijana nilimjibu kwamba hakuna aliyekosea isipokuwa tafsiri. Kisha, kwa kuwa ualimu ni ugonjwa usiopona, niliwapa darasa zima kazi ya likizo: kila mmoja aende kwao, amtafute mtu mzima mmoja, aandike mambo ambayo nyumba hiyo hufanya kulinda afya katika kila msimu, kwa majina ya misimu wanayoyatumia wao, na lini huamua kwamba sasa ni hospitali. Niliwataka waandike vipimo: vijiko vingapi, siku ngapi, mtoto wa umri gani.

Daftari nyingi zimerudi. Nyingine ni nyembamba, nyingine zimenakiliwa kwa jirani, ninazijua. Moja ilikuja na ukurasa mmoja tu. Mwandishi wake aliniandikia kwamba bibi yake, mkunga wa siku nyingi huko milimani, alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza karatasi hizo zinakwenda wapi, kisha akakataa kusema neno hadi aahidiwe kwamba popote zitakapofika jina lake litakuwa juu yake. Nimempelekea ahadi yangu kwa maandishi. Bado natafuta ofisi ya umma itakayoniambia imelindwa na kifungu gani.