Ukweli kuhusu sumu katika chanjo usifichwe



Huku Nachingwea na Ruangwa wapo wazazi wanaosita kupeleka watoto kliniki kwa kusikia kwamba chanjo ina sumu. Wasibezwe. Chanjo ya pepopunda kweli hutokana na sumu ya vijidudu, iliyokwisha kuondolewa makali. Tena sumu hiyo, au ya dondakoo, iliyopozwa vivyo hivyo, huunganishwa na ganda la vijidudu vya Hib viletavyo homa ya uti wa mgongo. Ganda peke yake mwili wa mtoto mchanga hauwezi kulikumbuka. Sindano yenye kinga hiyo ilianza nchini mwaka 2009. Wauguzi waelezeni wananchi hayo mikutanoni. Anayefichwa ndiye anayeogopa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ruangwa.