Wingi wa Mikongo Si Ubora wa Intaneti

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Tarehe 23 ya mwezi huohuo Google ikatangaza Umoja, mkongo utakaotoka Kenya kupitia Uganda, Rwanda, Kongo, Zambia na Zimbabwe hadi Afrika Kusini, kisha Australia. Siupingi. Kinachoniudhi ni mazoea yaliyoota mizizi ya kumjibu kila anayelalamikia ubora wa huduma kwa habari za mkongo mwingine. Ubora unahitaji kwanza kujua data inapita wapi, na hilo hakuna kampuni wala nchi inayoweza kulijua peke yake, bila watafiti kushirikiana kulipima.

Wanaotetea mikongo wana hoja: nchi yenye njia nyingi haizimiki kirahisi. Tena mamlaka zetu za mawasiliano, TCRA ya Tanzania na CA ya Kenya, hupima mitandao ya simu na kuchapisha ripoti. Sawa.

Lakini ripoti ya kasi haikuambii njia, na njia ndiyo kiini cha tatizo. Mwaka 2014 watafiti wa vyuo vya Marekani, pamoja na taasisi ya Research ICT Africa, walipima mitandao ya Kenya, Tunisia na Afrika Kusini. Walikuta kuwa karibu theluthi mbili ya njia kati ya watumiaji wa majumbani na seva za Google zilizokuwa humuhumu barani zilitoka nje ya Afrika kwanza, ndipo zikarudi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town nao ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya mawasiliano kati ya vyuo vikuu vya Afrika ilipitia mabara mengine. Tuchukue mwanafunzi wa Dar es Salaam anayefungua katalogi ya maktaba iliyoko Nairobi. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde. Dar na Nairobi zimeachana kwa kilomita zisizofika 700, kwa hiyo kwenda na kurudi kungeweza kuchukua milisekunde 7 hivi. Data hiyo ikizungushwa London, safari inakuwa ya makumi ya maelfu ya kilomita, na muda unakaribia milisekunde 200 au kuzidi. Hapo hata ukiongeza mikongo kumi kuelekea Ulaya, mwanga hautakwenda mbio zaidi. Sauti itaendelea kuchelewa kwenye mikutano ya video, kwa sababu kosa liko kwenye njia, halipo kwenye upana wake.

Dawa yake inajulikana. Kituo cha kubadilishana data cha Nairobi, KIXP, kilianza mwaka 2000, mdhibiti akakifunga baada ya malalamiko ya Telkom Kenya, kikafunguliwa tena 2002. Utafiti ulioagizwa na Internet Society mwaka 2012 ulikuta kuwa muda wa data ya ndani kwenda na kurudi ulishuka kutoka milisekunde kati ya 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10. Faida hiyo ililetwa na swichi zilizofungwa Nairobi na makampuni yaliyokubali kuunganishana.

Lakini ili dawa hiyo itumike panapohitajika, njia lazima zijulikane, na makampuni husema takwimu zake ni siri ya biashara. Siri gani? Kifaa kidogo cha RIPE Atlas, mradi wa kupima intaneti ulioanza 2010, huchomekwa nyumbani kwa mtu wa kujitolea, kikapima njia za data, na matokeo yake yakawa wazi kwa dunia nzima. Anayeficha njia hizo hamfichi mshindani wake, ambaye anaweza kuzipima kesho asubuhi. Anamficha mteja aliyelipia bando. Na mdhibiti anayelikubali dai hilo ameacha kazi aliyopewa. Mitandao ya elimu na utafiti, KENET ya Kenya, TERNET ya Tanzania na RENU ya Uganda, tayari inaunganisha vyuo vikuu vyenye wahandisi wa kuifanya kazi ya kupima njia kwa pamoja, kuvuka mipaka. Leseni ya mtoa huduma iwe na sharti la kuweka vifaa vya kupimia vya watafiti wa vyuo hivyo ndani ya mtandao wake, na matokeo yachapishwe ghafi, kila siku, kwa jina la kila kampuni.