Ana Shoto

Chuoni nilichapwa kwa kushika kalamu kwa mkono wa kushoto. Nikahamia wa kulia, na hati yangu mbovu wahariri wanaijua.

Fimbo ile niliikumbuka niliposoma habari za Jim Abbott, Mmarekani aliyezaliwa 1967 bila kiganja cha kulia. Kazi yake ilikuwa kurusha mpira katika besiboli. Glavu aliipachika kwenye kigutu cha kulia. Akisha kurusha kwa kushoto, upesi huuingiza mkono uo huo ndani ya glavu, tayari kuudaka mpira ukigongwa. Mwaka 1989 aliingia ligi kuu moja kwa moja, bila kupitia za chini. Tarehe 4 Septemba 1993, akiichezea New York Yankees, wapinzani wa Cleveland hawakupata pigo halali hata moja. Alistaafu 1999, ameshinda mara 87, ameshindwa 108. Si ngano hii.

Kula kwa kulia ni adabu yetu, sibishani nayo. Lakini kalamu, sindano na nyundo zina kosa gani?

Mjukuu wangu ameanza chuo mwezi huu, naye ana shoto. Jana nilikwenda kumwomba maalimu wake aiweke fimbo. Amesema atafikiri.