Mwezi Ngapi Leo?



Idi ya Mfunguo Mosi iliyopita tulifanya kama wafanyavyo wengi. Asubuhi tulivuka Likoni kusalimia jamaa, kisha tukawapeleka watoto mahali penye lango na tikiti. Kuingia ni pesa, bembea ni pesa, na chakula cha nyumbani hakiruhusiwi kupita langoni. Kabla ya Alasiri tulikuwa tumemaliza Sh3,400, mdogo amelala begani, na wakubwa wawili wanalilia kile tusichoweza tena kukilipia. Tulirudi nyumbani tumenuniana. Usiku tulipomwuliza yule wa miaka minne ni kitu gani kilichompendeza siku ile, alijibu neno moja: "Feri." Na feri ya Likoni, kama mjuavyo, mwenda kwa miguu halipi kitu.

Jibu lile lilitufikirisha. Baba yao hufanya kazi ya zamu, watoto wana chuo Jumamosi, na Jumapili anayokuwa huru huja mara moja au mbili kwa mwezi. Siku kama hiyo haifai kuishia katika ugomvi wa pesa. Tukaanza kwenda pwani, nasi tulidhani kwenda pwani hakuna elimu. Mara ya kwanza tulifika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta saa nne asubuhi, tukakuta maji yamepanda juu, na mchanga uliobaki umejaa watu na mipira. Tulikaa kwenye mkeka tukiwashika watoto mikono.

Tuliporudi, bibi yao alituuliza, "Kwani leo mwezi ngapi?" Tukamtajia tarehe ya kizungu. Akacheka. "Nawauliza mwezi, wanangu. Leo mwezi nane. Maji mafu haya, asubuhi yamejaa. Mlikwenda kutafuta nini?"

Hapo ndipo tulipoona aibu, kwani kalenda ya Kiislamu tunayo ukutani, tunaitazama kwa ajili ya Ramadhani na Idi, kumbe wazee wetu waliisoma bahari kwa mwezi uo huo. Mwezi unapoandama na unapotimia, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, na hilo ndilo bamvua: maji hujaa sana na hukupwa sana, tofauti yake hapa Mombasa ikizidi mita 3. Mwezi unapokuwa nusu, yaani karibu na tarehe 7 au 8 na 22 au 23, ni maji mafu, yasiyokwenda mbali. Na neema ya pwani yetu ni kwamba siku za bamvua maji hukupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha kila siku hucheleweshwa kwa dakika arubaini au hamsini hivi. Basi mama mwenye watoto wadogo hana haja ya kukisia. Siku ya mwezi 1 au 2, na 14 hadi 16, akitoka nyumbani baada ya staftahi atakuta bahari imemfunulia uwanja, na atarejea kuiwahi Adhuhuri.

Na uwanja wenyewe! Penye vidimbwi vya mwambani tumeona kaa aliyejitia ndani ya kombe la mwingine akatembea nalo, jongoo wa pwani amelala kama soksi iliyosahauliwa, samaki wadogo wa buluu wanaokimbilia chini ya jiwe. Mtoto wetu wa miaka saba, ambaye chuoni husemwa hatulii, alichutama kwenye kidimbwi kimoja karibu nusu saa. Tunawafundisha kutazama bila kushika, na kutochukua chochote kilicho hai. Miguuni huvaa viatu vya mpira, kwani wale wenye miiba mirefu myeusi hawana huruma, na kuna samaki wa sumu anayefanana na jiwe.

Lakini lazima tuwaambieni na lile tusilopenda kulikumbuka. Mwezi wa pili wa safari zetu tulifika ufuoni tumechelewa, maji yameshakupwa, nasi kwa tamaa tukaenda mbele hadi karibu na mwamba wa nje. Tulizama katika kuangalia. Tulipogeuka, pale tulipopita tukiwa wakavu, karibu na ufuo, palikuwa na maji ya kiunoni yanayokwenda kwa nguvu. Bahari haijai kutoka mbele kama ukuta; huzunguka, ikajaza mabonde ya nyuma kwanza, na aliye juu ya mwamba haoni. Baba yao aliwabeba wawili. Wa tatu alichukuliwa na mvuvi aliyekuwa akirudi na mkuki wake wa pweza, na mama mtu alivuka akishika shati la yule mvuvi, dera limemlemea kwa maji. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Hata jina lake hatukuuliza kwa mshituko, na tunamwombea dua mpaka leo.

Tangu siku hiyo bibi yao ametuwekea sharti moja, nasi hatulivunji: fika saa moja na nusu kabla ya maji kukupwa kabisa, yafuateni yakitoka, na yakisimama tu, geukeni. Wakati wa maji kukupwa ndio wakati wa kurudi. Mkiwa na shaka, waulizeni wavuvi kabla ya kushuka. Kwao ni suala la kila siku.

Gharama iliyobaki ni nauli ya matatu. Mahamri na mbaazi twabeba wenyewe, chai kwenye chupa, maji ya kunywa mengi, na leso mbili: moja ya kukalia, nyingine ya kumstiri anayenyonyesha. Akina mama wanaochelea msongamano wa wanaume watafurahi kujua kwamba asubuhi ya maji kukupwa watu hutawanyika, na mtu hupata pembe yake.

Zile Jumapili za maji mafu hatulazimishi. Jioni, baada ya Alasiri, hukaa ukingoni Mama Ngina tukila mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili, watoto wakihesabu meli zinazoingia Kilindini. Au twavuka feri, tukanunua madafu ng'ambo, tukarudi. Yule wa miaka minne hajaichoka bado.

Basi tazameni mwezi wa sasa umefika ngapi. Ikiwa Jumapili yenu itaangukia 14, 15 au 16, wekeni unga wa mahamri Jumamosi usiku, na muwe ufuoni saa tatu asubuhi, inshallah.