Tusifiche, Tusifute

Katibu wa chama kimoja kidogo cha kuweka na kukopa hapa kisiwani, ambaye hatutamtaja yeye wala chama chake, alitufikia hivi karibuni akiwa na masikitiko makubwa. Alikuwa amefungua kompyuta yake binafsi, ambamo huweka hesabu za wanachama, akakuta kila jalada limebadilika jina, na kila alilolifungua limejaa herufi zisizosomeka. Palikuwa na barua ya Kiingereza ikimtaka alipe kikomboleo kwa fedha za mtandaoni iwapo anataka kurejeshewa mali yake. Alikaa na jambo hilo siku nne bila ya kumwambia mwenyekiti wake. Siku ya tano alimpelekea kijana mmoja fundi, naye akaisafisha kompyuta ikawa kama mpya. Hesabu za wanachama zilikwenda pamoja na uchafu.

Tumemsikiliza kwa huruma, kwani si mvivu wala si mwizi. Alifanya makosa mawili ambayo wengi wetu tungeyafanya: alificha, kisha akafuta.

Yatupasa kwanza kueleza kwamba kusimba maandishi, yaani kuyageuza fumbo lisilofumbulika ila kwa ufunguo wake, si uovu. Fedha tunazopelekeana kwa simu hulindwa kwa njia hiyo hiyo. Uovu ni wa mtu anayepenyeza kirusi katika kompyuta ya mwenziwe, akayafunga majalada yake na kuondoka na ufunguo. Mwizi wa mbuzi humchukua mbuzi. Huyu humwacha mbuzi zizini, akachukua komeo.

Wizi huu una umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwezi Desemba 1989 diski zipatazo 20,000 zilipelekwa kwa posta katika nchi nyingi, zikidai kuwa na maelezo ya ugonjwa wa UKIMWI. Aliyezituma alikuwa Joseph Popp, Mmarekani mtaalamu wa viumbe aliyepata kufanya utafiti wa nyani katika nchi jirani ya Kenya. Kompyuta iliyoingizwa diski hiyo ilifanya kazi kama kawaida mpaka ilipowashwa mara 90 hivi. Hapo majina ya majalada yalisimbwa, na mwenyewe akatakiwa apeleke dola 189 katika sanduku la posta huko Panama. Popp alikamatwa, lakini mahakama ya Uingereza ilimwona hana afya ya akili ya kushitakiwa.

Jambo la kuzingatia katika kisa hicho ni hili. Fumbo lake lilikuwa dhaifu, na haukupita muda mrefu wataalamu wakatoa programu ya kulifumbua bila ya malipo. Waliosubiri walipata majalada yao. Waliofadhaika na kufuta kila kitu walipoteza kazi ya miaka, si kwa mkono wa Popp bali kwa mikono yao wenyewe.

Mafumbo ya siku hizi ni magumu zaidi, na mengi hayafumbuliki kabisa. Hata hivyo, mara kwa mara polisi huwakamata wahalifu na kuzipata funguo zao. Tangu mwaka 2016 polisi wa Uholanzi na wa Ulaya, pamoja na makampuni ya ulinzi wa kompyuta, wamekuwa wakitoa funguo hizo bure kwa mpango uitwao No More Ransom. Kwa sababu hiyo, aliyefungiwa majalada na ayaweke. Pengine ufunguo utapatikana mwakani. Kulipa hatukushauri, kwani aliyekuibia hana ahadi ya kuaminika.

Wasiamini wenzetu kwamba kisiwa chetu ni kidogo mno kuonekana. Kirusi hakichagui. Kile kilichoitwa WannaCry, mwezi Mei 2017, kilienea katika nchi zipatazo 150 kwa siku chache na kusababisha maelfu ya miadi ya wagonjwa kuahirishwa katika hospitali za Uingereza, ilhali kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka cha kuziba ufa huo tangu Machi. Kenya, maduka ya Naivas yalivamiwa mwaka 2023. Mwezi Juni 2024 ikawa zamu ya maabara za taifa za Afrika Kusini. Majibu ya vipimo vya wagonjwa yakachelewa, na wavamizi wakafuta hata sehemu ya nakala za akiba.

Tangu waya wa umeme upitishwe chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, kompyuta zimezidi kuingia katika ofisi zetu za Chake Chake, Wete, Mkoani na Micheweni, na kumbukumbu zilizokuwa zikikaa katika madaftari makubwa zimekuwa zikihamia humo. Daftari liliweza kuliwa na mchwa, lakini mchwa hawakula madaftari yote kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa idara, na Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar, wahakikishe kwamba kila ofisi ya Pemba ina mtu aliyetajwa kwa jina mwenye dhamana ya kutoa nakala ya akiba, na kwamba nakala hiyo inakaa mbali na kompyuta. Flashi inayoachwa imechomekwa mchana na usiku hufungwa pamoja na vingine. Tena nakala hiyo ijaribiwe. Tunajua nakala zilizotunzwa kwa uangalifu mkubwa ambazo siku ya haja hazikufunguka.

Lililo zito zaidi ni la watumishi wenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtambua mvamizi kuwa ndiye mkosaji. Lakini karani anayejua kwamba akisema atakatwa mshahara au atatuhumiwa kula fedha, atanyamaza, na katika kunyamaza kwake kirusi kitahamia kompyuta ya pili na ya tatu. Mkuu wa kazi anayetaka kuambiwa mapema aitangaze kwa maandishi ahadi yake: anayechomoa waya wa mtandao na kutoa taarifa siku hiyo hiyo hataadhibiwa. Hilo halihitaji bajeti.

Katibu wetu hivi sasa anazunguka kwa baiskeli, nyumba kwa nyumba, akiviazima vitabu vya wanachama ili aziandike upya hesabu zao. Wanachama wawili wamemwambia kwamba vitabu vyao vimepotea, naye hana cha kuwabishia. Alipotuaga alikuwa bado hajafika nusu ya orodha, na orodha yenyewe anaiandika kwa kukumbuka.